Pangaboi la Kuruka: Mwongozo Kamili wa Kubuni na Kutengeneza Kichezeo cha Watoto

Pangaboi, kichezeo kinachoelezwa katika mwongozo huu, lina sehemu mbili tu: kipande cha ubao chenye urefu wa sentimita 16 kilichochongwa kwa mwinamo, na kijiti kilichochomekwa katikati yake. Mtoto hukisokota kijiti kati ya viganja viwili, huachia, na ubao hupaa mita tatu au nne juu ya kichwa chake kabla ya kushuka taratibu huku ukiendelea kuzunguka. Baadaye tutakiongezea bangili ya kulinda macho na rili ya uzi itakayokirusha juu zaidi, lakini mtu aliyekwisha kutengeneza kile cha sehemu mbili kikapaa vizuri ameshaivuka sehemu ngumu ya kazi.

Wengi wanaotaka kumtengenezea mtoto kitu cha kuruka huanza na ndege ya mabawa inayoendeshwa kwa mpira uliosokotwa, na wengi hukata tamaa, kwa sababu ndege ya namna hiyo inadai mabawa yanayolingana, mkia wenye pembe sahihi, uzito uliokaa mahali pake na mpira wenye nguvu ya kutosha, yote kwa wakati mmoja. Likikosewa moja, ndege inajichomeka ardhini kwa pua na mtengenezaji hajui ni lipi hasa lililomponza. Pangaboi halina mabawa ya pembeni wala mkia. Makosa yake ni machache, na kila kosa hujionyesha kwa namna yake. Ndiyo maana nalipendekeza liwe la kwanza, hata kwa fundi seremala mzoefu ambaye huenda akaliona kuwa kazi ya watoto. Mimi mwenyewe nililidharau. La kwanza nililichonga jioni moja nyumbani, Igoma, Mwanza, likazunguka vizuri kabisa na kukataa katakata kuondoka mikononi, huku watoto wa jirani wakinitazama kwa heshima iliyokuwa ikipungua kila niliporudia. Nilikuwa nimechonga mwinamo upande usio wake.

Kinachofanya lipae

Kila panga, yaani kila nusu ya ubao kutoka katikati hadi nchani, limeinama, kwa hiyo linapozunguka huisukuma hewa kwenda chini, nayo hewa hulisukuma panga kwenda juu. Mdiria yule mwenye madoa meusi na meupe, anayevua kando ya ziwa, hufanya jambo lilelile anapoganda hewani kabla ya kuchupa majini: hupiga mabawa upesi ili aisukume hewa chini kwa nguvu inayotosha kuubeba uzito wake. Tofauti ni kwamba mdiria ana misuli inayofanya kazi mfululizo, ilhali pangaboi hupewa nguvu mara moja tu, pale linapoachiwa, kisha huitumia akiba hiyo hadi iishe.

Ubunifu wote wa kichezeo hiki unatokana na jambo hilo moja. Pangaboi linatakiwa liwe jepesi ili libebeke, lakini uzito mdogo uliowekwa mbali na kitovu hulisaidia kutunza mzunguko, kama pia ya watoto iliyo nzito inavyozunguka kwa muda mrefu kuliko iliyo nyepesi. Mwinamo mkubwa hunyanyua kwa nguvu lakini hula akiba haraka, hivyo kichezeo hurukia juu kwa kishindo na kuanguka. Mwinamo mdogo hutunza mzunguko lakini haunyanyui. Kazi ya mbunifu ni kutafuta mahali pa katikati, na kwa ukubwa huu mahali hapo ni kati ya nyuzi (digrii) 12 na 20.

Uso wa Ziwa Victoria uko takribani mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya Mwanza, joto likiwa sawa, ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu asilimia 12. Kwa hiyo pangaboi linalojibeba vizuri Tanga litahitaji hapa kuzunguka haraka zaidi kwa asilimia 7 hivi, au liwe na mapanga mapana kidogo. Vipimo vya mwongozo huu ni vya kanda hii ya ziwa. Aliye pwani anaweza kupunguza upana wa panga kwa milimita 2 au 3 bila hasara yoyote.

Vifaa

Ubao mzuri unaopatikana bure ni ule wa makreti ya nyanya yanayovunjwa sokoni kila siku. Chagua kipande chenye unene wa milimita 8, kisicho na fundo, ambacho nyuzi zake zinakwenda sambamba na urefu wake. Nyuzi zikikatiza kwa mshazari, panga litavunjika siku ya kwanza. Mninga na mbao nyingine ngumu za samani ziache, kwa kuwa ni nzito mno kwa kazi hii. Kijiti kiwe cha mwanzi, cha aina inayotumiwa kwa mishikaki, chenye unene wa milimita 4. Matete makavu ya ufukweni ni mepesi na yanavutia, lakini hupasuka pale hasa yanapochomekwa kwenye kitovu.

Tahadhari moja kuhusu rula za plastiki za shuleni. Ni kweli kwamba rula ikipashwa moto hulegea na kupindika ikawa na umbo la pangaboi, na watoto wakubwa hupenda kujaribu. Plastiki hiyo ikipoa huwa ngumu na kavu, na ikigonga ukuta inapasuka vipande vyenye ncha kama kioo. Niliokota kipande cha namna hiyo mita nyingi kutoka mahali rula ilipopasukia, na tangu hapo sikuruhusu tena.

Zaidi ya hayo, uwe na kisu kidogo kikali, tupa, msasa wa namba 80 na wa namba 240, keekee au msumari uliopashwa moto wa kutobolea, gundi nyeupe ya mbao, penseli, rula na kipimapembe kutoka kwenye mkebe wa hisabati wa mwanafunzi yeyote aliye karibu.

Utahitaji pia mzani, na mzani wa duka la nafaka hauwezi kuona gramu 6. Tengeneza wako: laza rula ya sentimita 30 juu ya penseli ili ikae sawa, weka vifuniko viwili vya chupa kwa umbali uleule kutoka katikati, weka kitu unachopima upande mmoja, kisha dondoshea maji upande wa pili kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Kila mililita ya maji ina uzito wa gramu 1, kwa hiyo mistari ya bomba inakusomea uzito moja kwa moja.

Kupima na kuchora kabla ya kushika kisu

Kata ubao uwe na urefu wa sentimita 16, upana wa milimita 24 na unene wa milimita 8. Vipimo hivi havikuchaguliwa kwa kubahatisha. Panga litachongwa kutoka kona moja ya ubao hadi kona ya mkabala, kwa hiyo mwinamo wake unaamuliwa na uwiano wa unene kwa upana: unene ukiwa theluthi ya upana, mwinamo unakuwa nyuzi 18. Ukipata ubao wa milimita 6, punguza upana hadi milimita 18 na mwinamo utabaki uleule, ingawa eneo la panga litapungua na kichezeo kitahitaji mzunguko wa kasi zaidi. Kwa njia hii huhitaji kupima pembe wakati wa kuchonga. Ubao wenyewe umeibeba.

Ncha ya panga husafiri haraka kuliko sehemu iliyo karibu na kitovu, kwa kuwa katika mzunguko mmoja inalazimika kupita duara kubwa zaidi. Kwa sababu hiyo ncha inahitaji mwinamo mdogo kuliko shina. Punguza unene wa ubao kwa chini, kidogo kidogo kutoka kitovuni kuelekea nchani, hadi ncha zote mbili zibaki na milimita 5. Upana ukibaki milimita 24, mwinamo utashuka wenyewe kutoka nyuzi 18 karibu na kitovu hadi nyuzi 12 hivi nchani. Wachongaji wengi hulikwepa jambo hili kwa kuwa linaongeza nusu saa ya kazi, lakini tofauti yake inaonekana kwa macho pale pangaboi linapopaa.

Sasa chora katikati kabisa ya ubao, kwa urefu na kwa upana, na utoboe tundu la kijiti hapo. Toboa sasa, kabla ya kuchonga chochote, wakati uso wa juu bado ni bapa na unaweza kusimamisha keekee wima juu yake; tundu lililoinama haliponi, na pangaboi lenye tundu la namna hiyo litayumba maisha yake yote. Weka alama sentimita 1 kila upande wa tundu. Sehemu hiyo ya sentimita 2 ndiyo kitovu, nayo haichongwi.

Kuchonga

Hapa ndipo nilipokosea, na ndipo karibu kila anayeanza anapokosea, kwa hiyo soma aya hii ukiwa umeshika ubao mkononi. Mtu anayetumia mkono wa kulia husukuma kiganja cha kulia mbele wakati wa kurusha, na kijiti huzunguka kinyume na mwendo wa mshale wa saa kikitazamwa kutoka juu. Shika ubao mbele yako ili panga moja lielekee kulia kwako. Panga hilo litakuwa linasafiri kwenda mbele, mbali nawe, kwa hiyo ukingo wake wa mbali lazima uwe juu na ukingo wa karibu uwe chini. Maana yake ni kwamba kona ya juu iliyo karibu nawe inaondolewa, na kona ya chini iliyo mbali nawe inaondolewa pia. Zitie alama ya msalaba kwa penseli. Kisha zungusha ubao nusu mzunguko bila kuupindua, ili panga la pili nalo lielekee kulia, na utie alama zilezile. Ukifanya hivyo huwezi kukosea, kwa sababu kila panga umelitazama kutoka upande mmoja. Anayetumia mkono wa kushoto achonge kinyume chake.

Anza na uso wa juu wa mapanga yote mawili. Kata kwa kisu ukielekeza makali kutoka kitovuni kwenda nchani, kamwe si kuelekea kwenye vidole vyako, na uondoe mbao nyembamba nyembamba badala ya kutaka kumaliza kwa mikato mitatu. Uso huo ukishanyooka kutoka ukingo wa juu hadi ukingo wa chini, geuza ubao na uchonge upande wa chini hadi panga libaki na unene wa milimita 2 katikati na milimita moja na nusu kingoni. Kidole gumba na cha shahada hupima unene wa namna hii vizuri kuliko rula: pitisha panga kati ya vidole hivyo ukiwa umefumba macho, na sehemu nene itajitangaza. Karibu na kitovu acha ubao unenepe polepole, kwa maana hapo ndipo mvunjiko hutokea.

Maliza kwa msasa. Ukingo wa mbele, yaani ule ulio juu, uwe wa mviringo; ukingo wa nyuma uwe mwembamba lakini usiwe wa kukata. Ncha zizungushwe zisiwe na kona. Anayependa kuongeza ufundi anaweza kuufanya uso wa juu utune kidogo na uso wa chini ubonyee kidogo, mfano wa tanga la mtumbwi lililojaa upepo, lakini jambo hilo lifanywe kwenye kichezeo cha pili au cha tatu, baada ya cha kwanza kupaa.

Kwa watoto walio chini ya miaka 10, kuchonga kwa kisu kuwe kazi ya mtu mzima. Wao wapewe msasa, kupima uzito na kusawazisha, ambavyo kwa kweli ndivyo vinavyoamua kama kichezeo kitaruka.

Kusawazisha

Pitisha sindano ndefu katika tundu la kitovu, ishike ikiwa imelala, na uache pangaboi lizunguke lenyewe hadi lisimame. Panga zito litashuka chini. Lisugue kwa msasa upande wa chini, karibu na ncha, kisha jaribu tena, na tena, hadi pangaboi lisimame popote unapoliacha. Usiharakishe hatua hii. Tofauti ya robo gramu nchani haionekani kwa macho, lakini mzunguko unapofika mara 30 kwa sekunde, tofauti hiyo huvuta kitovu upande mmoja kwa nguvu kubwa, na badala ya kupaa wima kichezeo hutikisika na kukimbilia pembeni. Usisawazishe kwa kuongeza udongo au gundi kwenye panga jepesi, kwa sababu unaongeza uzito ambao hauna kazi nyingine.

Kata kijiti kiwe na urefu wa sentimita 16, kipake gundi ya mbao, kichomeke na uhakikishe kwa kona ya daftari kwamba kimesimama wima kwa pande zote. Acha kikauke usiku kucha. Kichezeo kizima sasa kisizidi gramu 6. Kikifika gramu 8 au 9, mapanga bado ni manene, na msasa haujamaliza kazi yake.

Jaribio la kwanza na upepo wa ziwa

Wanaoishi kando ya ziwa wanajua kwamba upepo huanza kuvuma kutoka majini kuelekea nchi kavu kadiri jua linavyopanda, na mchana huwa na nguvu. Usiku hugeuka na kutoka nchi kavu kuelekea ziwani. Kichezeo cha gramu 6 hakina la kufanya mbele ya upepo huo. Jaribu asubuhi, kabla vumbi la uwanjani halijaanza kuhama, au jioni upepo unapotulia. Epuka pia kusimama nyuma ya yale majabali makubwa yaliyotapakaa katika vilima vya Mwanza, kwa sababu upepo unaoyapita hujizungusha kwa nyuma na kukipiga kichezeo chini, na isitoshe pangaboi likitua juu ya jabali kuna mtoto atakayelipanda.

Usiwapeleke watoto kurushia ufukweni. Upepo dhaifu wa alfajiri unaelekea majini, na mtoto anayefuata kichezeo chake hatazami kina. Zaidi ya hatari ya kuzama, maji ya kingoni mwa ziwa yana kichocho. Uwanja wa shule wenye nyasi unatosha kabisa.

Weka kijiti kati ya ncha za vidole vya kulia na sehemu ya chini ya kiganja cha kushoto, karibu na kifundo. Sukuma kiganja cha kulia mbele huku ukivuta cha kushoto nyuma, kwa mwendo mmoja, na ufungue mikono mwishoni. Viganja vikipishana kwa sentimita 20, kijiti cha milimita 4 huzunguka karibu mara 8. Hapo utaona faida ya kijiti chembamba: kile kinene hukupa mizunguko michache kwa mwendo uleule wa mikono, ingawa chembamba mno huteleza mikononi. Viganja vikiwa na jasho, vumbi kidogo la chokaa ya ubaoni husaidia.

Sasa tazama kilichotokea, kwa sababu pangaboi hueleza shida yake lenyewe. Likikandamiza mikono kuelekea chini, mwinamo umechongwa kinyume, nawe unaweza kuthibitisha kwa kuvuta kiganja cha kulia nyuma badala ya kukisukuma. Likipaa, umepata pangaboi la mkono wa kushoto, si hasara. Likizunguka kwa muda mrefu bila kupanda, mwinamo ni mdogo au uzito ni mkubwa. Pima uzito kwanza, kwa kuwa huo unarekebishika kwa msasa. Likirukia juu kwa kasi na kuanguka mara moja kama jiwe, mwinamo ni mkubwa mno, na unaweza kuupunguza kwa kusugua ukingo wa mbele kwa juu na ukingo wa nyuma kwa chini. Likitikisika mikononi kabla hata ya kuachiwa, rudi kwenye sindano. Likipanda kwa mshazari kila mara kuelekea upande uleule wa mwili wako, kosa limo katika mikono yako, ambayo inamaliza mwendo ikiwa imeinama. Likielekea kila upande bila mpangilio, kagua kama kijiti kimesimama wima.

Badilisha jambo moja tu kila mara, na umpe mtoto mmoja kazi ya kuandika katika daftari uzito, mwinamo na sekunde zilizopita tangu kuachiwa hadi kutua. Rusha mara tano kwa kila badiliko kabla ya kuamua, kwa sababu mrusho mmoja mzuri hudanganya.

Bangili

Pangaboi lenye mapanga yaliyo wazi linafaa kwa mtoto mkubwa anayerusha peke yake. Pale watoto wengi wanapocheza pamoja, na hasa unapotumia rili ya uzi, bangili, yaani duara linalozunguka ncha za mapanga, ni ya lazima. Hesabu yenyewe inatisha: likizunguka mara 50 kwa sekunde, ncha iliyo sentimita 8 kutoka kitovuni inasafiri mita 25 kwa sekunde, yaani kilomita 90 kwa saa, mwendo wa basi la mkoani likiwa barabara kuu. Viwango vya kimataifa vya usalama wa vichezeo navyo vinataka pangaboi linalorushwa juu kwa springi au kifaa kama hicho liwe na duara kuzunguka ncha zake.

Mkanda wa plastiki wa kufungia maboksi unafaa sana. Upasue katikati kwa urefu ili ubaki na upana wa milimita 6, ukate sentimita 52, na uunganishe ncha zake kwa kupishanisha sentimita moja na nusu, upate duara lenye kipenyo cha sentimita 16. Plastiki hii haishikwi na gundi za kawaida, kwa hiyo usipoteze muda: toboa matundu mawili madogo kila upande kwa sindano ya moto, toboa pia ncha za mapanga, na ufunge kwa uzi imara, kisha upake gundi juu ya mafundo tu. Kiungo cha mkanda kikae kwenye panga lililokuwa jepesi zaidi, na baada ya hapo rudia kusawazisha, kwa kuwa bangili hubadilisha kila kitu.

Nilitarajia bangili ingeua mruko, na nilishangaa. Ina uzito wa gramu 2 hivi, yaani theluthi ya uzito wa kichezeo kisicho nayo, lakini kwa kuwa uzito huo wote uko ukingoni, akiba ya mzunguko kwa kasi ileile inaongezeka zaidi ya maradufu. Pangaboi lenye bangili hugoma kidogo kuanza, kisha hukaa hewani kwa muda mrefu kuliko lisilo nayo. Ugumu huo wa kuanza ndio unaotufikisha kwenye rili.

Kirushio cha uzi

Tafuta rili tupu ya uzi wa cherehani kwa fundi yeyote wa nguo. Chukua kishikio cha mbao chenye urefu wa sentimita 10 na unene wa kushikika vizuri, toboa kichwani pake ili kisipasuke, na upigilie msumari wa inchi 3 hadi uingie sentimita 3. Kata kichwa cha msumari kwa msumeno wa chuma na ulainishe ncha kwa tupa. Vesha washa (kile kibati cha duara chenye tundu katikati), kisha rili. Tundu la rili likiwa pana kuliko msumari, ingiza ndani yake kipande cha bomba la kalamu ya wino ili rili izunguke bila kuyumba, na utie tone moja la mafuta ya cherehani. Msumari utokeze milimita 5 juu ya rili. Ukizidi hapo, ukate.

Kwenye uso wa juu wa rili, chomeka misumari miwili midogo iliyokatwa vichwa na kupashwa moto, kila mmoja ukiwa milimita 6 kutoka katikati, na isimame milimita 5. Pangaboi la kirushio hiki halina kijiti. Kitovu chake kina matundu matatu: la katikati linalopita kwa ulegevu kwenye msumari mkubwa, na mawili ya pembeni yanayoingia kwenye misumari midogo. Ulegevu huo ni wa muhimu, kwa maana pangaboi linatakiwa lijinyanyue na kuondoka pale tu linapopata nguvu ya kutosha. Likibanwa, halitoki, na likiwa huru mno, linatoka mapema kabla uzi haujaisha.

Uzi wa nailoni wa kushonea nyavu, unaouzwa katika maduka ya zana za uvuvi kule Mwaloni, Kirumba, haukatiki kwa kazi hii. Kata sentimita 70 na ufunge kijiti cha kuvutia kwenye ncha moja. Ncha ya pili usiifunge kwenye rili. Ibane kwa kuizungushia uzi wenyewe, ili ukivuta wote ufunguke na kuachia. Uzi uliofungwa hukamata rili ghafla mwishoni na kuipokonya pangaboi nguvu uliyokwisha kuipa. Viringisha kwa kuzungusha rili kufuata mwendo wa saa ikitazamwa kutoka juu, ili ukivuta izunguke kinyume, sawa na mwinamo tuliouchonga.

Rili yenye kiini cha milimita 12 itazunguka karibu mara 18 kwa uzi huo, na mvuto wa mkono wa mita 2 kwa sekunde utaifikisha kwenye mizunguko zaidi ya 50 kwa sekunde. Kwa makadirio yangu pangaboi la gramu 8 hujibeba likifika mizunguko 25 hadi 30, kwa hiyo kuna ziada ya kutosha ya kulipandisha juu ya paa. Shika kishikio wima, mbali na uso, vuta uzi kwa mlalo kwa mwendo mmoja mrefu usio na mshtuko, na wanaotazama wakae nyuma ya mrushaji. Mtoto aliye chini ya miaka 8 asipewe kirushio hiki bila mtu mzima kusimama naye.

Watakapodai kubwa zaidi

Siku ya pili au ya tatu watoto watataka pangaboi la urefu wa mkono. Hawako peke yao katika hilo. Mwaka 1870 Mfaransa Alphonse Pénaud alibuni helikopta ndogo ya kuchezea iliyoendeshwa kwa mpira uliosokotwa, na mwaka 1878 askofu mmoja wa Marekani, Milton Wright, aliwaletea wanawe Wilbur na Orville kichezeo cha aina hiyo kilichotengenezwa kwa mwanzi, karatasi na kizibo. Walikiiga, na nakala zao ndogo ziliruka. Walipotengeneza kubwa, hazikuruka vizuri. Miaka 30 baadaye, wakiwa wamekwisha kurusha ndege yenye injini, waliandika kwamba wakati ule hawakujua kuwa chombo kilichoongezwa vipimo mara mbili huhitaji nguvu mara 8.

Ukiongeza urefu, upana na unene mara mbili, uzito unakuwa mara 8 lakini eneo la mapanga linakuwa mara 4 tu, hivyo kila sentimita ya mraba ya panga inabeba mzigo maradufu, wakati mkono unaovuta uzi ni uleule. Kwa ubao wa kreti, sentimita 20 ndio mwisho wa urefu unaolipa, nao uongezwe bila kuongeza unene wa panga. Wakiendelea kudai, wape nusu: pangaboi la sentimita 10 lililochongwa hadi gramu 2 hupanda kwa kasi inayowafanya wasahau walichokuwa wakidai.

Vichezeo vikipumzika vihifadhiwe vikiwa vimelala bapa, ndani ya nyumba. Ubao mwembamba ukiachwa juani hujikunja kwa siku moja, na ukilowa na mvua ya vuli mwinamo wa panga moja hubadilika usilingane tena na wa lingine. Uache ukauke chini ya kitabu kizito kwa siku mbili, kisha anza tena na sindano.